Kizibo Nilichomwongezea Baba

Kila nikipita mbele ya mashini ya kukoboa mpunga, hapa Kindu ninakoishi sasa, miguu inapunguza mwendo yenyewe. Harufu ni ile ile ya pumba za moto, gazoli ya injini, na mifuko iliyolowa mvua ikakaukia juani. Watoto wangu wananivuta mkono, wanasema mama twende, tunachafuka. Na kweli tunachafuka, maana vumbi la pumba linakaa shingoni na kwenye kope, na linawasha mpaka uoge mara mbili. Mimi nalivuta tu. Baba yangu alinuka hivyo maisha yake yote, na tangu tumzike, msimu wa mvua uliopita, sina mahali pengine pa kumpata.

Ninyi wa umri wangu mliokulia Kasongo mnamkumbuka, hata kama jina lake limewatoka. Watu walimwita Papa Aziza, kwa jina la dada yetu mkubwa. Ndiye aliyekoboa mpunga wenu. Mashini haikuwa yake, ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa pale mjini, ila baba aliitunza kuliko mwenyewe alivyoitunza. Alisali alfajiri, akanywa chai amesimama, akaenda. Alirudi jua linazama, mweupe kichwa mpaka vidole, macho tu ndiyo yake. Akishaoga alichukua mwiko na matofali akaendelea na chumba alichokuwa anatujengea nyuma ya nyumba, safu moja leo, safu moja kesho, mpaka watoto sita wote wakawa na mahali pa kulala pasipovuja.

Mashini ilikuwa imemla masikio. Hakuwa kiziwi, ila hakusikia vizuri, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe alisema kila kitu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Siri za nyumba yetu jirani walizijua mapema kuliko sisi. Akimwambia mama jambo la chumbani, mama alimziba mdomo kwa kiganja.

Hakunywa, hakuvuta, hakukaa barabarani na watu. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa raha, nacho ni dame, yaani drafti. Ubao wake aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za kasha la sabuni. Vyumba vyeusi alivipaka unga wa makaa ya betri uliochanganywa na gundi, na kila kimoja alikiandika namba kwa ncha ya msumari, kuanzia moja mpaka hamsini. Vya kuchezea vilikuwa vizibo vya chupa, ishirini kwa ishirini. Vyake vililala rangi juu, vya mpinzani viligeuzwa. Vizibo hivyo aliviomba baa, na mama alikaribia kufa kwa aibu. "Papa Aziza," alimwambia, "watu watasema nini, muislamu anatoka mu bar na mifuko inalia?" Baba akajibu, kwa sauti iliyofika msikitini, kwamba vizibo havilevyi mtu.

Mpinzani wake alikuwa mmoja, Papa Shabani, muuguzi, ambaye sisi sote tulimwita Docta. Kila Jumapili, mashini ikiwa imezimwa, walikaa juu ya mifuko na kucheza bila kusema. Kila Jumapili baba alishinda. Papa Shabani aliinuka, akafuta suruali, akasema, "Siku yangu itafika," akaenda. Halafu alihamishiwa kituo cha afya cha Kabambare, na barabara ya Kabambare mnaijua wenyewe. Mtu mwingine angetafuta wa kucheza naye mjini. Hawa wawili wakakubaliana kila mmoja awe na ubao wake, vizibo vipangwe sawasawa, na mchezo uende kwa karatasi.

Aliyezibeba karatasi ni Kalume, motari, mtu wa pikipiki, aliyepeleka chumvi na sabuni kwa wachimbaji wa Salamabila na kupitia Kabambare kwenda na kurudi. Karatasi ilikuwa ndogo, imekatwa kutoka fomu za kituo cha afya, na juu yake namba mbili tu, kama 32-28. Maana yake: kizibo kilichopo thelathini na mbili kinakwenda ishirini na nane. Baba alikisogeza kwenye ubao wake, akakaa siku mbili tatu akisugua kichwa, kisha akaandika namba zake mbili na kumpa Kalume. Kizibo kilicholiwa kilitolewa na kutiwa ndani ya kopo la maziwa. Wakati wa kiangazi jibu lilikuja baada ya wiki. Wakati wa mvua Kalume aliweza kukwama huko mpaka tukamsahau. Mchezo mmoja ulipita mwaka.

Hayo nayajua leo. Wakati ule nilikuwa na miaka saba, na hakuna aliyefikiri kunieleza.

Nilichokijua mimi ni hiki. Kabla Papa Shabani hajahamishwa, babu yetu aliugua, na ni yeye aliyemtibu. Alikuja nyumbani na karatasi ndogo kama zile, ameandika namba, akaacha na vidonge. Mama hakuwa na kitu cha kuvitilia, akatumia kizibo cha chupa kuwekea vya kila siku. Kila asubuhi nilikaa mlangoni nikitazama. Vilikuwa vitatu, siku nyingine vitatu tena, baadaye viwili, halafu kimoja. Asubuhi kizibo kilipobaki kitupu, Babu hakuamka. Watu wazima walilia na kupika na kupokea wageni, na mtoto aliyekuwa amehesabu hakuulizwa amehesabu nini.

Sasa tazama nilichokuwa nakiona mwaka uliofuata. Docta yule yule anatuma karatasi zile zile zenye namba. Baba anazisoma, anasugua kichwa, haongei wakati wa kula. Kila baada ya karatasi chache kizibo kimoja kinatoka ubaoni na kuingia kopo. Na baba anakohoa. Alikohoa usiku, kikohozi kikavu cha vumbi, nami nikiwa upande wa pili wa ukuta nilikuwa najumlisha. Ubao uliwekwa juu ya kabati chumbani kwao, umefunikwa kitenge, na tulikatazwa kuugusa. Dawa ya hatari ndiyo huwekwa juu, nilijua hivyo. Vizibo vilipoanza kuwa vichache kiasi cha kuhesabika kwa macho, nilianza kuamka usiku na kusikiliza kama baba anapumua.

Sikumwambia mtu. Mtoto mwenye hofu kubwa hasemi, anatafuta la kufanya. Siku moja, mavuno yamefika, mama ameenda kisimani, nilipanda juu ya sanduku, nikafunua kitenge. Niliona nafasi nyingi tupu. Nikashusha kopo, nikachagua kizibo kizuri, chenye nyota, nikakiweka rangi juu kwa kuwa upande huo ulipendeza zaidi, katika chumba cheusi kilichokuwa kitupu. Chumba cha ishirini na saba. Nilishuka moyo mwepesi, nikala vizuri jioni ile.

Baba hakushtuka. Nimejiuliza mara nyingi jinsi mchezaji kama yule alivyokosa kushtuka. Ila ulikuwa msimu wa mavuno, mashini ilikoboa mchana kutwa, na mvua zilimzuia Kalume kwa majuma. Karatasi ilipofika, baba alipanda kuuangalia ubao akiwa amechoka mpaka mifupa, akaona kizibo chake kimekaa pazuri, akakisogeza. Nadhani alitaka sana kiwe pale.

Jibu la Papa Shabani lilikuwa refu kuliko namba mbili. Dada Aziza alilisoma kwa sauti: "27 hauna kitu. Ile kizibo nilikula mbele ya Ramazani. Angalia muzuri." Baba akaangalia vizuri. Kizibo kilikuwepo. Akaandika: "Kizibo iko. Angalia ubao yako." Nilikuwa nimekaa pale pale, nachambua mboga, sikuelewa hata neno moja linanihusu.

Karatasi ya tatu ilifikia mashinini, mchana, siku ambayo nilikuwa nimempelekea baba chakula. Akina mama walikuwa wamejipanga na mifuko yao mpaka nje. Mikono ya baba ilikuwa ndani ya mashini, akamfokea Kalume aisome yeye.

"Anasema uliiba," alisoma Kalume.

"Nini?"

"Uliiba."

"Sema kwa nguvu, sisikii."

Kalume, ambaye hakuwa na ubaya wala akili nyingi, alivuta pumzi akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Docta anasema uliiba. Anasema mutu wa kuiba mu dame, ataiba na mu mpunga."

Mpaka leo sijui kwa nini mtu mpole vile aliandika neno lile. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye kwamba Kabambare hakuwa na mtu, kwamba karatasi zile ndizo zilikuwa jamaa yake, na alipodhani baba anamchezea aliumia. Lakini neno lilikuwa limetoka, na limetoka mbele ya watu ambao kazi ya baba iliishi kwa kuaminiwa nao. Mwanamke analeta mpunga, anakaa nje, anapokea mchele. Katikati hapo haoni kitu. Anamwamini mtu.

Kesho yake Mama Zaina, aliyekoboa kwa baba tangu sijazaliwa, alikuja na kopo lake. Alipima mpunga kabla haujaingia, akapima mchele ulipotoka, bila kumwangalia usoni. Siku ya pili walikuwa watano wenye makopo. Wengine walianza kubeba mifuko yao mpaka mashini ya upande wa soko, safari ya kutoka jasho. Mwenye mashini alikuja akasimama asubuhi nzima mikono nyuma, akasema amepita tu kusalimia. Baba alirudi nyumbani akaacha chakula. Usiku alikohoa zaidi, au mimi nilisikiliza zaidi. Nikamsikia akimwambia mama, kwa sauti anayodhani ni ya chini, "Wakiniondoa pale, watoto watakula nini?"

Mimi niliona jambo moja tu: ugonjwa umezidi, dawa niliyoongeza haikutosha. Nikapanda tena juu ya sanduku. Safari hii nilikuwa na haraka, nikaweka kizibo popote. Nilikiweka katika chumba cheupe.

Dame haichezwi kwenye vyumba vyeupe. Hakuna mchezaji, hata mwizi, anayeweza kuweka kizibo pale. Jumapili baba alishusha ubao, na nilimwona akibaki ameinama, hasugui kichwa, hakohoi. Kisha akatuita wote sita.

"Nani aliweka hii?" aliuliza. Aliuliza polepole, kwa sauti ya chini kabisa, na sijawahi kuogopa sauti yake kama siku hiyo.

"Ni miye, papa."

Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo maisha yote aliniita mama. "Juu ya nini, mama?"

"Niliona zako zinaisha. Za Babu ziliisha, akakufa."

Hakuelewa. Mama ndiye aliyeelewa, alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akajishika mdomo. Alimweleza baba sikioni habari ya vidonge na kizibo. Baba alitoka nje, akanawa uso ingawa ulikuwa safi, akakaa huko muda mrefu. Niliamini nitapigwa. Aliporudi alisema, "Vaa viatu. Tunaenda Kabambare."

"Muandikie tu karatasi," mama akamwambia.

"Hii haiandikwe. Itoke mu kinywa ya mutoto."

Kesho yake aliifunga mashini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata alipougua malaria, tukapanda pikipiki ya Kalume. Mimi nilikaa katikati, mgongo wa Kalume mbele, kifua cha baba nyuma, na kila baba alipokohoa nilitikisika naye. Tulishuka kusukuma mara nyingi kuliko tulivyopanda. Tulilala Lusangi kwa ndugu wa Kalume, na siku ya pili, mchana, tulifika tumepakwa udongo mpaka nywele.

Papa Shabani alikuwa kwenye baraza ya kituo cha afya. Ubao wake ulikuwa mezani, umefunikwa kitambaa cheupe cha vidonda. Alimwona baba, hakuinuka. Baba hakumpa mkono. Alinisukuma mbele taratibu, akasema, "Sema."

Nikasema yote, ya Babu, ya karatasi, ya kopo, ya kizibo chenye nyota na kile kingine. Docta alikuwa amechuchumaa ili nyuso zetu ziwe sawa, na nilivyoendelea alizidi kuinamisha kichwa. Nilipomaliza hakumwangalia baba. Aliniuliza mimi, "Papa anakohoa?"

"Kila siku usiku."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno."

"Toa shati," alimwambia baba. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kati yao. Akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, halafu akaniwekea mimi vile vya masikioni. Nilisikia kitu kama mtu anapepeta mchele mbali, nyumba ya tatu. "Ni pumba," alisema. "Hapana ugonjwa wa kufa leo. Lakini utafunga kitambaa mu pua kila siku, Papa Aziza. Mutoto alitangulia miye kusikia, na miye njo docta."

Baba alisema atafunga. Docta akasema, "Lile neno nilikosa." Baba akasema, "Na miye niliona kizibo, nikajifanya nasahau hesabu." Mimi nilikuwa bado na swali langu, na hakuna aliyekuwa amelijibu. Nikauliza, "Na vizibo vikiisha?"

Papa Shabani alinitazama. Halafu akautazama ubao wake, akaufunua. Mchezo wa mwaka mzima ulikuwa umekaa pale, kila kizibo mahali pake. Baba aliinua mkono kama anayetaka kusema ngoja. Docta alipitisha kiganja chake ubaoni, vizibo vyote vikarundikana pembeni, akaleta na vilivyokuwa kwenye kopo, akaanza kuvipanga upya kimoja kimoja, ishirini huku, ishirini kule, mpaka ubao ukajaa.

"Vikiisha, tunapanga tena," alisema. "Umeona? Ni hivyo tu."

Nililala kwenye benchi ya wagonjwa, jua bado linawaka, nikalala mpaka wakanibeba. Kulala kwa namna ile nilikuwa nimekusahau kwa miezi.

Tuliporudi Kasongo, Kalume alikuwa amepewa ujumbe, na aliagizwa namna ya kuutoa. Aliingia mashinini katikati ya kelele, akina mama wakiwa na makopo yao, akavuta pumzi. "Docta anasema alihesabu mubaya. Yeye njo alikosa. Papa Aziza hakuiba kitu." Jina langu halikutajwa, siku ile wala siku nyingine yoyote. Mama Zaina aliangalia kopo lake kama limemwota mkononi, akalisukuma chini ya mfuko kwa mguu. Baba alifunga kitambaa cha kichwa cha mama puani, chenye maua mekundu, akaendelea na kazi. Walimcheka wiki nzima kwa maua yale, na alifunga maua yale miaka yote.

Baba naye alipanga ubao wake upya, ishirini kwa ishirini, wakaendelea kucheza. Kuna miaka barabara ilifungwa na karatasi hazikupita, na kila mmoja aliacha ubao ulivyo mpaka amani iliporudi. Baadaye simu zikaja, namba zikaanza kupita kwa sekunde, na baba akalalamika kwamba Docta sasa anacheza haraka mno. Sisi sita tuliolewa na kuoa na kutawanyika. Kifua kilimchukua mwishoni, kama tulivyojua kitamchukua, lakini kilimwacha azeeke kwanza, na kwa hilo namshukuru Mungu na kitambaa cha mama.

Papa Shabani alikuja kwenye msiba kwa pikipiki, mzee mwenye fimbo, amelala njiani mara mbili. Siku ya tatu, baada ya dua, alikaa karibu nami juu ya mkeka. Alianza kunitajia namba, polepole, bila ubao, bila karatasi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ananisomea mahali kila kizibo kilipokuwa ile siku Kabambare.

"Yeye alibakia na sita," alisema. "Miye nilikuwa na kumi na moja. Nilikuwa nimemufunga. Nisogeze mara tatu tu, anaisha. Mu maisha yote sikumushinda hata siku moja, mama, mbele ya ile wala nyuma yake. Ile njo ilikuwa siku yangu."

"Papa alijua?"

"Alijua. Alitaka kunizuia mukono."

Nilimwuliza kwa nini hakuandika tu mahali vilipokuwa, wakamaliza mchezo baadaye mimi nikiwa sipo. Alinitazama kama alivyonitazama nikiwa na miaka saba.

"Kuandika ilihitaji kuhesabu mbele yako, kimoja kimoja, zile sita za papa yako," alisema. "Ungelala, weye?"

Nilimwambia hapana, nisingelala.